Mkono Unaokaza na Mkono Unaozuia

(Hotuba ya mwalimu wa darasa la ufundi wa magari mbele ya wakazi wa kambi na wageni, Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Imechapwa kwa ombi la Kamati.)



Kwanza napenda kuishukuru Kamati kwa kunipa nafasi ya kusema maneno machache. Tarehe hii ya 20 Juni zamani tuliijua kama Siku ya Wakimbizi wa Afrika, na tangu mwaka 2001 inaadhimishwa dunia nzima. Katika siku kama hii wasemaji wengi huzungumzia amani na marejeo, na ni haki yao. Mimi ni fundi. Nimeombwa nizungumzie kazi ambayo vijana wetu wamejifunza, na kwa kuwa muda ni mfupi, nitazungumzia bolti moja tu.

Nimeichagua bolti hiyo kwa sababu kila darasa linauliza swali lake, na kwa sababu fundi akiikosea, injini nzima inaweza kufa.

Kazi hii niliifanya miaka mingi Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, kando ya barabara inayofuata Ziwa Tanganyika kwenda Rumonge na Nyanza-Lac. Wanaotoka huko wanapajua: mvua ikinyesha milimani mto unashuka kwa hasira na makorongo yanakula viwanja vya watu, na barabarani Hiace za abiria hazikatiki. Gereji zetu zilikuwa chini ya miembe. Hatukuwa na shimo la kuingia chini ya gari, wala mashine ya upepo ya kufungulia bolti. Vipuri tulifuata Buyenzi, kwenye mafundi na wafanyabiashara wa Kiswahili, na ndiyo maana Kiswahili chetu cha kazi kimechanganyika na Kifaransa. Atakayesikia neno la Bujumbura asishangae, nitalieleza.

Nianze kwa ajili ya wale ambao hawajafungua injini. Ndani ya injini pistoni hupanda na kushuka. Chini yake kuna chuma kizito chenye viwiko, kinachogeuza kupanda na kushuka huko kuwa mzunguko. Wenyeji wetu Watanzania wanakiita krenkishafti, au krenki kwa kifupi. Sisi wa Bujumbura, pamoja na ndugu zetu wa Uvira na Bukavu, tunasema vilebrekini. Ni kitu kimoja. Upande wa nyuma krenki imebeba flaiwili, lile gurudumu zito lenye meno pembeni, ambalo stata huling'ata ili kuwasha gari. Upande wa mbele imebeba puli, inayozungusha mikanda. Puli hiyo imeshikwa na bolti moja katikati. Hiyo ndiyo bolti yetu ya leo.

Bolti hii si kama nyingine. Nati za tairi ukizikaza, tairi halizunguki kwa sababu limekaa chini. Lakini bolti ya krenki imefungwa kwenye chuma kilichotengenezwa kizunguke. Ukiweka spana na kuvuta, bolti haikazi. Injini yote inazunguka pamoja na spana. Kwa hiyo kazi inataka mikono miwili, mmoja wa kukaza na mmoja wa kuzuia. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na bolti hii nayo mkono mmoja hauiwezi.

Vijana wengi huujali mkono wa kwanza. Wanatafuta spana nzuri na bomba refu. Mkono wa pili wanautafutia chochote kilicho karibu. Hapo ndipo uharibifu unapoanzia.

Niliona Kanyosha basi dogo la abiria lililokuwa likienda Rumonge. Siku chache kabla lilikuwa limebadilishwa mkanda wa taimingi katika gereji ambayo sitaitaja. Bolti ya krenki ilikazwa bila injini kuzuiwa sawasawa, ikabaki nusu. Puli ikaanza kucheza kidogo kidogo. Kile kipande cha chuma kinachokaa kwenye mfereji kati ya krenki na gia yake, tunachokiita klaveti, kikalika, na mfereji wenyewe ukapanuka. Gia ya taimingi ikahama mahali pake, valvu zikagongana na pistoni. Mwenye basi alikuwa bado analipa deni la kulinunua. Kwa bolti moja, nyumba tatu zilikosa chakula: ya mwenye basi, ya dereva na ya konvoyeri.

Hapa kambini hali ni hiyo hiyo, ila abiria ni wengine. Gari linalobeba mgonjwa usiku kwenda hospitali lina bolti hiyo. Injini nyingi za jenereta na pampu za maji zinayo. Ndiyo maana nawaomba hata wasio mafundi wanivumilie.

Sasa nianze na njia zinazoharibu, maana ndizo zinazoonekana zaidi barabarani.

Njia ya kwanza ni kuingiza bisibisi kwenye meno ya flaiwili. Bisibisi inapinda, au jino linakatika. Jino likikatika, stata itakuwa ikizunguka bure kila flaiwili inaposimama mahali hapo. Na bisibisi ikichomoka wakati umevuta kwa nguvu zote, vidole vyako ndivyo vitakavyogonga chuma.

Njia ya pili ni kushika gia ya juu, ile ya kamshafti, ukitegemea mkanda wa taimingi uizuie krenki. Mkanda huo umetengenezwa kuzungusha valvu, haukutengenezwa kubeba uzito wa mtu anayening'inia kwenye bomba. Unaweza kuruka meno au kuumia ndani bila kuonekana kwa nje, kisha ukakatika gari likiwa safarini.

Njia ya tatu inawapata hasa wanaofanya kazi kwenye magari ya Kifaransa, Peugeot na Renault. Magari hayo mengi yana matundu ya kuingizia pini, ili krenki na kamshafti zikae mahali pake unapofunga mkanda. Pini hizo ni za kuonyesha mahali. Hazikuwekwa kwa ajili ya kuzuia nguvu ya kukaza bolti. Ukizitumia hivyo pini inakatika, au tundu linapasuka.

Njia ya nne ni kuingiza chuma ndani ya silinda kupitia tundu la plagi, au buji kama tunavyosema sisi, ili pistoni ikwame. Chuma kinatoboa pistoni au kinachubua silinda. Sina zaidi la kusema juu ya hiyo, iacheni kabisa.

Kuna pia ujanja wa stata. Fundi anaweka spana yenye mpini mrefu, anauegemeza mpini kwenye chesisi, kisha anagusa ufunguo wa kuwashia. Krenki inazunguka, spana imezuiwa, bolti inalegea. Wengi wanaujua, na wengi wamevunjika mikono kwa spana iliyoruka. Lakini hata kwa anayefaulu, ujanja huo ni wa kulegeza tu. Injini nyingi, ukisimama mbele ya puli, huzunguka kufuata mshale wa saa, na bolti hukazwa upande huo huo, kwa hiyo stata haiwezi kuikaza. Na kwenye Honda nyingi za zamani, ambazo injini yake huzunguka kinyume, ujanja huo hata kulegeza haulegezi, bali unazidi kukaza. Matokeo yake ni kwamba fundi anafungua kwa nusu dakika, halafu wakati wa kufunga hana njia. Hapo anakaza kwa kubahatisha.

Tuje kwenye njia zinazofaa. Kabla ya yote, toa waya wa betri. Mtu asije akagusa ufunguo wakati mkono wako uko kwenye meno ya flaiwili.

Njia nyepesi ni gia na breki. Magurudumu yawe chini na yawekewe magogo mbele na nyuma, mwenzako akanyage breki ya mguu kwa nguvu zote, maana injini ikiwa imezimwa breki haina msaada wake wa kawaida. Gia gani? Vijana wengi huweka namba moja wakidhani ndiyo yenye nguvu. Ni kinyume. Namba moja huzidisha nguvu ya injini kabla haijafika kwenye magurudumu. Ndiyo maana gari hupanda nayo mlima wa Bugarama. Ukiiweka, nguvu ya spana yako nayo inazidishwa, na breki inalemewa. Weka gia ya juu kabisa, ya nne au ya tano. Kwa gari la gia za otomatiki njia hii haifai, kwa sababu kati ya injini na giaboksi kuna mafuta tu yanayosukumana, hakuna kinachoshika.

Hata kwenye gia za mkono njia hii ina mwisho wake. Chukueni Land Cruiser ya dizeli yenye injini ya 1HZ, ambayo mashirika mengi yameitumia kwa miaka. Bolti yake ya krenki hukazwa kwa nguvu ya kilo 44 kwenye mpini wa mita 1. Injini hiyo yenyewe, ikivuta kwa uwezo wake wote, haifiki kilo 30 kwa kipimo hicho hicho. Maana yake bolti inadai nguvu kubwa kuliko ile ambayo klachi huibeba kila siku. Klachi iliyochakaa itateleza, nawe utadhani bolti ndiyo inayosogea.

Kwa injini za petroli ipo njia ya kamba. Toa plagi ya silinda namba moja, weka kidole gumba juu ya tundu, na mwenzako azungushe injini polepole upande wake wa kawaida. Upepo ukisukuma kidole, pistoni inapanda na valvu zote mbili zimefungwa. Simamisha kabla pistoni haijafika juu. Ingiza kamba safi na laini, ya pamba au nailoni, mita moja au zaidi, ukiacha mkia nje wenye fundo. Endelea kuzungusha hadi pistoni iibane kamba na kusimama. Sasa unaweza kukaza. Wakati wa kulegeza mambo yanageuka: pistoni iwe imekwisha kupita juu na ndiyo inaanza kushuka baada ya kusukuma upepo, kwa sababu spana itairudisha nyuma. Usiingize kamba valvu ikiwa wazi, itapinda. Na kwa dizeli kama 1HZ msijaribu. Ina chumba kidogo cha moto chenye njia nyembamba, na kamba haifiki juu ya pistoni.

Njia ya tatu ni kufunga flaiwili kwa kipande cha meno. Toa stata. Chukua kipande cha pete ya meno ya flaiwili mbovu, chenye meno matatu au manne yanayolingana, ukichomelee kwenye bamba la chuma lenye tundu, kisha ukifunge kwa bolti ya stata yenyewe ili meno yaumane na meno. Hapo mzigo unagawanyika kwenye meno kadhaa badala ya kukaa kwenye ncha ya bisibisi. Bujumbura vyuma vya namna hii havikosekani kwenye vipuri chakavu.

Njia ya nne, ambayo ndiyo naipenda kuliko zote, ni mkono wa chuma kwenye puli. Puli nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi karibu na katikati. Chukua bapa la chuma nene, kama sentimita 80 urefu, toboa matundu yanayolingana na hayo, na tundu kubwa la kupitisha soketi. Lifunge kwenye puli kwa bolti mbili, na ncha ya mbali iegemee chesisi au gogo lililo chini, kwa upande ambao krenki inataka kuzungukia. Muwe na uangalifu mmoja: puli nyingi zina pete ya nje iliyogandishwa kwa mpira kwenye kitovu. Shikeni kitovu. Ukishika pete ya nje kwa nguvu, mpira unaachia na puli imekufa.

Sasa kwa nini napenda njia hii ya nne? Nataka tufanye hesabu ndogo, na hata wasiosoma sana wataifuata, kwa sababu ni hesabu ya mlango. Mlango mzito ukiusukuma karibu na bawaba unakushinda. Ukiusukuma mbali na bawaba, mtoto anauweza. Tuchukue bolti ile ile ya kilo 44 kwa mita 1. Tukiizuia kwa meno ya flaiwili, na meno yakiwa sentimita 16 kutoka katikati, mzigo kwenye meno ni kilo 275. Hizo bisibisi inazibebaje? Tukizuia kwa mkono wa chuma wa sentimita 80, mzigo kwenye ncha ni kilo 55 tu. Bolti ni ile ile na nguvu ya kukaza ni ile ile, lakini anayezuia kwa mbali anabeba sehemu ya tano ya yule anayezuia kwa karibu. Kamba nayo inazuia karibu sana na katikati, kwenye kiwiko cha krenki chenye sentimita nne au tano, kwa hiyo mzigo wake ni mkubwa kuliko wa meno. Inafaa kwenye injini ndogo za petroli kwa sababu bolti zake hazidai nguvu nyingi, na kwa sababu pistoni imezoea kubebeshwa mzigo mzito kila moto unapowaka. Ndivyo fundi anavyochagua, kwa kujua mzigo utaangukia wapi na kama mahali hapo patauweza.

Injini ikishazuiwa, linabaki swali la kiasi. Bolti ya Probox yenye injini ya 1NZ hukazwa kwa kilo 13 hivi kwenye mita 1, na ya 1HZ kwa kilo 44. Anayezikaza zote kwa "mpaka isikie" atalegeza moja na kukata nyingine. Kipimo kiko kwenye kitabu cha injini. Bolti nyingine hukazwa kwa kipimo halafu huongezwa pembe, na kitabu kinadai bolti mpya kila mara, mfuate kitabu. Kwenye injini kadhaa za siku hizi hakuna hata klaveti, gia inashikwa na mbano wa bolti peke yake.

Spana ya kipimo ni ghali, nasi hatuna. Lakini kila mtu hapa anaijua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia. Pima mita 1 kamili kutoka katikati ya bolti hadi kwenye ndoano, mpini ukae sawa, uvute kwa mizani ukiwa umesimama wima na mpini hadi isome kilo 44. Bomba likiwa nusu mita, soma kilo 88. Si kazi ya maabara, lakini inashinda kubahatisha. Ukimaliza, piga mstari wa rangi unaovuka kichwa cha bolti na puli. Baada ya wiki moja fungua boneti uangalie. Mstari ukiwa umekatika, bolti imesogea, na gari lisitembee tena kabla hujaifanyia kazi upya.

Ndugu Mwenyekiti, nina maombi matatu. La kwanza ni kwa Kamati: flaiwili na puli za magari yaliyokufa zisiuzwe kama chuma chakavu kabla darasa halijachagua zinazofaa kutengenezea vifaa hivi. La pili ni kwa ndugu zetu wa mashirika: vitabu vya injini mnavyoacha kuvitumia, pamoja na mizani iliyochoka, mtupatie. Na fundi wenu anapobadilisha mkanda wa taimingi, aruhusu vijana wawili wasimame pembeni waangalie. La tatu ni kwa wazazi: mabinti waliojiunga na darasa hili msiwatoe. Mmesikia wenyewe kwamba kwa mkono mrefu wa chuma, kilo 55 zinatosha. Kazi hii haidai misuli ya mwanamume, inadai akili iliyotulia.

Na kwenu vijana. Kambi hufunguliwa na kufungwa. Wenzetu wa Mtabila waliona kambi yao ikifungwa mwishoni mwa mwaka 2012, na walioondoka na ufundi waliondoka na kitu ambacho hakihitaji lori. Siku mtakapofika Kanyosha, au Uvira, au popote, mwenye gari hatawauliza cheti kwanza. Ataleta basi lake, chakula cha watoto wake kikiwa ndani ya injini hiyo. Atawaangalia mkianza kazi. Akiona mmetafuta kwanza mahali pa kuzuia, ndipo mkashika spana, atarudi tena na atawaleta na wenzake.

Vifaa viwili tulivyotengeneza darasani, mkono wa chuma na kipande cha meno, vipo mezani pale karibu na mlango. Baada ya ngoma, atakayetaka kuvishika na kuuliza aje.

Baada ya kusema hayo, namrudishia Ndugu Mwenyekiti nafasi yake.